Mshono

Shuka la sinema alilishona mama,
vipande viwili vya marekani, upana kwa upana,
kwa cherehani ya kukodi, Barabara ya Tisa, Ngamiani.
Mshono ulishuka katikati, wima.
"Picha zikianza hautaonekana," alisema.
Ulionekana.

Mwaka ule vita vilipokwisha, gari la Serikali
liliegeshwa uwanjani Tangamano, injini ikikohoa,
na Hatibu Semkiwa, mkalimani, akapanda juu ya sanduku
na bomba lake la bati mdomoni.
Tukaona mto. Tukaona daraja lililovunjika,
askari wa huku na askari wa kule
wakiparamia vyuma ili wakumbatiane.
Mmoja kampa mwenzake sigara.
Mwenzake kacheka, pengo nje.
Mshono ulipita kati ya vifua vyao
na hakuna aliyeujali,
kwani Semkiwa alikwisha kushika kasi:

    Mrusi ni ndugu yetu, anapigana baridi,
    Mmarekani mwenzetu, ameongeza juhudi,
    Mwingereza bwana wetu, katia yake ahadi,
    Watatu kamba ni moja, haikatiki abadi.

Makuli wa bandarini walipiga miluzi.
Kamba waliijua.
Miaka yote ile wameipakia, robota kwa robota,
mkonge wa Kange, mkonge wa Pongwe;
hawakuambiwa meli ni ya nani,
waliambiwa tu: upesi.
Koplo Mwachui, aliyeacha vidole viwili Burma,
alisimama akalipigia shuka saluti.

Haikupita miaka minne.
Gari lile lile, kikohozi kimezidi.
Bomba lile lile, limebonyea ubavuni.
Pichani ndege zinashusha magunia ya unga
katika mji uliopasuliwa kama papai,
na wale wa mtoni hawamo,
au wamo, kila mmoja na bunduki yake,
kila mmoja upande wake wa mshono.
Semkiwa alilowanisha midomo.

    Mrusi adui wetu, tena mwenye ukaidi

Nilihesabu kwa vidole, gizani.
Nane. Nane.
Ndugu katoka, adui kaingia,
na mizani haikuyumba.

"Hatibu," akaita Bi Mwanakombo, muuza kachori,
"wale waliopeana sigara, wamegombania nini?"
Semkiwa akainama kwa bwana wa gari.
Bwana akasema neno moja, refu, la kwao.
Semkiwa akalitafuna. Akalitafuta Kiswahili chake
kama mtu atafutaye ufunguo mfukoni mwa koti la kuazima.
"Huyu," akasema mwishowe, "anasema shamba ni la walimao wote.
Na huyu anasema shamba ni la mwenye hati."

Kimya.
Nzi wa kachori walisikika.
Kisha sauti kutoka nyuma, walikokaa wakata mkonge,
mikono yao imechanika kwa miba na haionekani:
"Na la Kange?
La Kange ni la nani?"

Bwana hakungoja tafsiri.
Injini ilizimwa. Shuka likawa shuka.
Tulirudi nyumbani kwa kupapasa,
na njia nzima niliwasikia watu wakiulizana kwa sauti ya chini,
la Pongwe je, la Pongwe.

Asubuhi Semkiwa alilileta shuka kwa mama.
Upepo wa usiku ulikuwa umelipasua,
pale pale, kutoka juu hadi kiunoni.
Hakusema mengi. Aliomba maji, akanywa nusu.
Mama alivuta kitambaa kulia, akakivuta kushoto.
"Marekani yenyewe nzima," alisema.
"Uzi huu niliupata kwa kadi ya mgawo.
Uzi wa vita. Haukusokotwa udumu."
Akaanza kuung'oa kwa meno,
nami nikamshikia upande mmoja,
ule wa pili ukiburuta sakafuni.